Njia Isiyopitwa Huota Majani

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, yamechapwa kama yalivyosomwa)



Kama umewahi kusafiri kwa treni ya Reli ya Kati kwenda Kigoma au Mwanza, basi Tabora umefika. Lakini kufika si kuona. Kwa miaka mingi stesheni ya Tabora imekuwa mahali ambapo mabehewa hukatwa na kuunganishwa upya: ya Kigoma yashike njia yake, ya Mwanza yake, na ya Mpanda yake. Abiria hushuka, hunyoosha miguu, hununua asali na karanga, hunywa chai, kisha hurudi dirishani kungoja honi ya treni. Saa nzima hupita, pengine saa kadhaa. Mtu huyo akifika kwao akaulizwa, "Tabora kukoje?" hujibu kwa maneno mawili: vumbi na maembe.

Mazungumzo yangu ya leo ni kwa ajili ya abiria huyo. Aidha, ni kwa ajili ya mwenyeji wa Tabora ambaye amezaliwa Ng'ambo au Cheyo, amekua, ameoa, amepata wajukuu, na hajawahi kufika Kwihara. Nataka kueleza matembezi matatu mepesi ya miguu ambayo mtu yeyote mwenye afya ya kawaida anaweza kuyafanya, awe kijana wa shule au mzee mwenye mkongojo. Hakuna mlima wa kupanda. Nchi ya Unyamwezi iko juu, kiasi cha mita 1,200 toka usawa wa bahari, lakini imenyooka kama mkeka, na vilima vyake ni vya kuhesabika. Hayahitaji mahema wala viatu vya bei kubwa. Yanahitaji asubuhi moja, chupa ya maji, na adabu ya kusalimia watu.

Najua wapo watakaosema: "Matembezi ni starehe ya watalii. Sisi tunatembea kila siku kwa kukosa nauli." Hoja hiyo ni ya haki, nami nitairudia kabla sijamaliza. Kwanza nieleze ni njia gani tunayoizungumzia.

Njia ya wapagazi

Katika karne iliyopita kabla ya reli, yaani karne ya 19, barabara kuu ya nchi hii ilikuwa njia ya miguu isiyozidi upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Ilianzia pwani, Bagamoyo na jirani zake, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko kwenye Tabora ya leo, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote ulikuwa kiasi cha kilometa 1,200. Tabora ilikuwa njia panda: tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na jingine kusini magharibi kuelekea Katanga. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walijenga hapa katikati ya karne hiyo, katika nchi ya watemi wa Unyanyembe, wakinunua pembe za ndovu na kuuza nguo, shanga na bunduki.

Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapa tarehe 7 Novemba 1857, mahali wao walipopaita Kaze, walikuwa wametumia siku 134 toka pwani. Leo basi linakwenda safari kama hiyo kwa siku moja. Vitabu vya shule vinawataja Burton na Speke. Havina nafasi ya kutosha kwa watu waliowabebea maji, chakula, nguo za biashara, na hata wao wenyewe walipougua.

Watu hao waliitwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Hapa yapo makosa ambayo ni vizuri tuyasahihishe. Wengi wetu tunaamini kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia hii alikuwa mtumwa. Si kweli. Watumwa walikuwapo, nao walipitishwa njia hii kwa mateso makubwa, shingo zikiwa katika makongwa na minyororo, kwenda kuuzwa pwani na Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Hilo halifichiki, wala halipaswi kufichwa. Lakini pembeni ya watumwa hao walitembea maelfu ya watu huru, waliopatana ujira, wenye viongozi wao wenyewe, ambao mzigo ukizidi au posho ikipunjwa walijua kuuweka mzigo chini na kukataa kuendelea. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi ilikuwa alama ya kuwa mtu mzima. Mzigo wake ulikuwa kiasi cha kilo 30, mbali na sufuria yake, mkeka wake na silaha yake.

Msikilizaji, njia hiyo bado imo vinywani mwetu. Posho, ambayo leo wanaigombania watu kwenye semina, ilikuwa ni chakula au nguo ya kununulia chakula aliyopewa mpagazi njiani. Mnyapara, ambaye leo ni msimamizi wa vibarua au wa wafungwa, alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi. Na hongo, neno ambalo leo lina kesi mahakamani, lilikuwa ni ushuru wa kupita, ambao msafara ulimlipa mtawala wa nchi kwa uwazi, mbele ya watu, baada ya mabishano ya siku mbili tatu. Hata ile nguo nyeupe ya merikani iliitwa hivyo kwa kuwa ilitoka Marekani, ikabebwa mabegani mpaka huku. Ukitembea Tabora unatembea juu ya chimbuko la maneno yako mwenyewe.

Matembezi ya kwanza: mjini

Matembezi ya kwanza yanafaa kwa abiria mwenye saa mbili tu. Anzia stesheni. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Simama kwenye jukwaa ufanye hesabu ndogo. Behewa moja la tani 15 ni sawa na mizigo ya wapagazi 500 wenye kilo 30 kila mmoja. Treni ya mabehewa 20 ni wapagazi 10,000. Baada ya hesabu hiyo hakuna haja ya kueleza kwa nini njia ya miguu ilikufa. Haikufungwa kwa amri ya mtu yeyote. Ilikosa miguu, basi, na majani yakaota.

Katika karakana ya reli ya Tabora, mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na kukosa fedha, walitengeneza sarafu zao za dharura. Zilikuwamo za shaba, na zilikuwamo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji. Sarafu zile leo zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima.

Kutoka stesheni fuata barabara iingiayo mjini, chini ya miembe. Usiende haraka. Mwembe si mti wa asili wa pori la miombo. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani yake, na kwetu uliingia kwa njia ya pwani. Kwa hiyo kila mwembe mkongwe uuonao Unyamwezi uliletwa na mtu. Wapo wasimuliao kuwa ni kokwa zilizotupwa na watumwa na wapagazi njiani. Wapo wasemao ni watu wa pwani waliopanda matunda ya kwao mlangoni pa nyumba zao. Pengine ni yote mawili. Jambo la kushika ni hili: ukiona miembe mikubwa imesimama kwa mstari au kwa duara mahali ambapo leo hapana nyumba, jua kwamba palikuwa na watu. Ni kama alama ya kalamu katika ardhi.

Ukiwa mjini, waulize wenyeji boma la Wajerumani liko wapi. Litazame kwa mbali, kamera ikiwa mfukoni, kwa sababu majengo ya serikali na ya ulinzi hayapigwi picha bila ruhusa. Ukilitazama, mkumbuke Mtemi Isike wa Unyanyembe. Aliwapinga Wajerumani mpaka Januari 1893. Walipolivunja boma lake, alilipua ghala la baruti yeye mwenyewe akiwa ndani.

Malizia upande wa shule. Shule ya Wavulana ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na mwaka 1937 alipokelewa hapo kijana mmoja kutoka Butiama, Julius Nyerere. Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Na ni katika mji huu, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulikaa kubishana juu ya kura tatu, yaani ule utaratibu wa kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi washiriki, na TANU ikashinda. Uamuzi ule tunauita hadi leo Uamuzi wa Busara. Mtu anaweza kutembea toka stesheni hadi hapo kwa mwendo wa pole, akawa amepita miaka mia moja ya historia, na treni yake isimwache.

Matembezi ya pili: Kwihara

Matembezi ya pili ndiyo kiini cha maneno yangu. Kwihara ni kijiji kilichoko kusini magharibi ya mji, kiasi cha kilometa 6. Kwenda ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka, na kurudi vivyo hivyo. Njia ni ya udongo na tambarare, inapita kati ya mashamba ya mihogo, karanga na viazi. Kuuliza si ujinga: mwambie yeyote utakayemkuta kuwa unakwenda kwenye nyumba ya Livingstone, naye atakuelekeza.

Nyumba yenyewe ni tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa, ua katikati, na mlango wa mbao wa nakshi. Ilijengwa upya katika miaka ya 1950 pale pale palipokuwa na ile ya zamani, na ni makumbusho ndogo. Uwe na fedha kidogo ya kiingilio, na usitegemee vioo na taa kama za Dar es Salaam. Ndani kuna ramani, picha na nakala za barua. Keti kwenye kivuli cha nyumba hiyo upumzike, na ufikirie mambo matatu yaliyotokea hapo.

La kwanza. Mwandishi wa habari Henry Stanley, akitumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Dakta Livingstone, alifika Unyanyembe Juni 1871, akakaa Kwihara. Wakati huo Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji, kwa kuwa hakukubali biashara ipite nchini mwake bila yeye kupata haki yake. Waarabu wakaenda kumpiga, na Stanley akafuatana nao. Walishindwa vibaya. Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na watu waliokuwa Kwihara waliuona moshi wa mji ukipanda. Geuka, msikilizaji, utazame ulikotoka. Moshi ule ulipanda kule kule.

La pili. Stanley alimpata Livingstone Ujiji, wakarudi pamoja Kwihara mwezi Februari 1872. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani. Livingstone alibaki hapo peke yake na watu wake wachache, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea. Alingoja miezi mitano. Walipofika Agosti walikuwa watu 57, na kabla mwezi haujaisha alishika njia ya kusini, safari ambayo hakurudi. Tafakari jambo hilo. Msafiri mwenye jina kubwa duniani hakuweza kusogea hatua hata moja bila miguu ya Waafrika 57.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakiwa na Jacob Wainwright aliyejua kuandika Kiingereza, waliukausha mwili na kuubeba. Oktoba 1873 waliufikisha Kwihara, hapo hapo. Walimkuta afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, akawashauri wamzike papo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Wakakataa. Walikuwa wameahidiana kumfikisha kwao. Huko mbele, mahali paitwapo Kasekera, waliposikia kuwa wenyeji hawataruhusu maiti kupita, walitumia akili. Walifunga matita ya vijiti yakafanana na maiti, wakawatuma wenzao wairudishe Unyanyembe kana kwamba inakwenda kuzikwa. Kisha wakaufunga mwili wenyewe kama robota la nguo za biashara, wakapita nao. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo. Aprili mwili ulizikwa Westminster Abbey, London. Susi na Chuma hawakuwapo kwenye mazishi hayo. Walipelekwa Uingereza baadaye.

Kibao cha makumbusho kina jina la Livingstone, na si vibaya. Lakini ukifika Kwihara kwa gari, ukashuka, ukapiga picha, ukaondoka, utakuwa umemwona Livingstone tu. Ukifika kwa miguu, jua likiwa linapanda na jasho likikutoka ukiwa huna mzigo wowote, utawaona Susi na Chuma.

Matembezi ya tatu: bwawani

Tabora haina mto mkubwa wa kupita mjini. Mto Igombe uko kaskazini, nao huenda magharibi kujiunga na Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, lakini kiangazi hupungua sana. Misafara iliishi kwa visima na chemchemi. Mahali penye maji ndipo palipokuwa kambi. Baadaye mji ulinyweshwa kwa mabwawa ya Kazima na Igombe, na siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika kwa bomba.

Bwawa la Kazima liko karibu na mji, nalo ndilo matembezi ya tatu. Ni ya jioni au ya asubuhi, ya familia yenye watoto. Utaona ndege wa majini, na pembeni utaona miti ya miombo, ile iliyoipa Tabora asali yake. Mambo matatu tu ya kuzingatia. Maji hayo ni ya watu, basi usifue wala usitupe taka. Usiogelee, kwa ajili ya usalama na kwa ajili ya kichocho. Na ukiona mzinga umetundikwa mtini, pita mbali bila kelele. Nyuki hawana utani na mgeni wakati wa jua kali.

Namna ya kutembea

Msikilizaji, waliotutangulia walijua kutembea kuliko sisi, kwa hiyo tuwafuate. Msafara uliondoka kabla jua halijachomoza, ukafika kambini kabla ya adhuhuri. Mbele alikwenda kirangozi na bendera yake, na nyuma ngoma na barghumu. Nawe fanya hivyo: toka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umemaliza saa nne au tano. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, kuna ubaridi na njia ni kavu. Septemba na Oktoba joto ni kali. Mvua huanza Novemba hadi Aprili. Njia huwa na matope, lakini Novemba na Desemba ndio msimu wa maembe, na mtu hawezi kupata kila kitu.

Chukua maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Chukua kofia. Chakula cha njiani usikitafute dukani: nunua sokoni karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Havichachi, havina uzito, vinashibisha. Wengi husimulia kuwa jina la Tabora lenyewe limetoka kwenye matobolwa hayo. Kama ni kweli, basi huu ni mji ulioitwa kwa chakula cha safari.

Usiende peke yako. Watu watatu au wanne ni idadi nzuri, na kina mama wakitembea kwa kikundi watakwenda kwa raha. Vaa nguo za heshima. Ukimkuta mzee nje ya nyumba yake asubuhi, simama umwambie "Mwangaluka." Baada ya adhuhuri sema "Mwadila." Maneno hayo mawili yatakufungulia milango mingi. Usipite katikati ya shamba la mtu. Usimpige mtu picha kabla hujaomba. Na kama unataka kuoneshwa njia na kijana wa kijijini, patana naye ujira mapema na umlipe wote. Njia hii ilijengwa na watu waliojua haki ya ujira wao.

Ile hoja ya nauli

Sasa narudi kwenye hoja niliyoiahirisha. Ni kweli kwamba wengi wetu tunatembea kwa kukosa nauli, na hakuna fahari katika jambo hilo. Lakini ipo tofauti kati ya mwendo wa lazima na mwendo wa kuchagua, kama ilivyo tofauti kati ya kulima kwa viboko na kulima shamba lako. Taifa hili linajua mwendo wa kuchagua. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walitembea toka pembe mbalimbali za nchi kuliunga mkono, na Mwalimu mwenyewe alitembea toka Butiama hadi Mwanza. Hatukusema wakati ule kuwa ni mambo ya watalii.

Tazameni pia wenzetu wa Hispania. Ipo njia ya zamani ya mahujaji iendayo mji wa Santiago de Compostela. Ilikuwa imesahauliwa na wengi, ikafufuliwa kwa kutembewa. Mwaka 2023 watu zaidi ya 400,000 walipewa vyeti vya kuimaliza, na ili upate cheti kwa miguu lazima utembee angalau kilometa 100. Vijiji vya njiani vinaishi kwa kuuza supu na kukodisha vitanda. Hakuna aliyejenga ghorofa. Waliweka alama za njia na mihuri ya kugongwa kwenye kadi.

Sisi nasi, mwaka 2006, nchi yetu iliipeleka njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Kwihara imo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Karatasi ipo. Lakini karatasi haizuii mvua kuyeyusha ukuta wa udongo. Tembe lisilopakwa upya hurudi kuwa udongo. Mwembe usio na maana kwa mtu yeyote ni kuni tu, au gunia la mkaa. Njia isiyo na miguu ni shamba la mtu, na mwenye shamba hana makosa. Mambo haya matatu, ukuta, mti na njia, yanakufa kimya kimya, na siku yakifa hapatakuwa na tanzia gazetini.

Mwezi Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya ya SGR toka Makutupora hadi Tabora. Ni jambo jema. Lakini kila njia mpya imewahi kuizika ya zamani, na treni ya mwendo kasi haitampa abiria nafasi ya kuulizia chai, sembuse historia. Tusipokuwa tumeweka alama zetu sasa, atakayepita hatajua hata kwamba kulikuwa na kitu cha kuuliza.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, ya bei ndogo. Walimu wa Tabora, kila darasa litembee mpaka Kwihara angalau mara moja kabla ya kumaliza shule, na watoto waandike walichokiona. Viongozi wa mitaa na vijiji, wekeni vibao vya mbao kwenye njia panda, vyenye mshale na idadi ya kilometa, na mwembe mkongwe usikatwe kabla ya wazee kuulizwa. Wenye hoteli na nyumba za wageni, bandikeni ukutani maelezo ya njia hizi kwa Kiswahili. Na wewe abiria, safari ijayo, lala Tabora usiku mmoja. Asubuhi yake saa kumi na mbili, shika chupa yako ya maji uende Kwihara.

Ni kilometa 6 tu. Waliobeba maiti ya rafiki yao walikuwa wametembea miezi mitano kufika hapo, na walipoambiwa inatosha, walijitwika tena.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, nakutakia mwendo mwema.